Namna ya Kuwahesabu Watu wa Lokitaung

Umetumwa uandike mstari mmoja tu. Ofisi inatayarisha ripoti kuhusu miji ya kaskazini mwa Kenya, na chini ya jina la Lokitaung pameachwa nafasi: wakazi ni wa kabila gani, rangi gani, asilimia ngapi. Ukitaka, kazi hiyo utaimaliza kabla chai haijapoa. Unaandika "Waturkana", unaweka tarakimu inayokaribia mia, unaongeza "na wengineo", unatia nukta. Hakuna atakayekuuliza kitu. Nakuomba usifanye hivyo. Huu hapa mwongozo wa kukusaidia, na kila agizo lililomo nalimaanisha, hata yale yatakayokuchekesha.

Anza kuhesabu ukiwa bado Kitale. Panda gari la Lodwar, kaa kiti cha nyuma, uangalie umesafiri na nani. Yupo mwalimu wa Vihiga anayerudi kazini baada ya likizo. Yupo mama Mturkana aliyempeleka mwanawe hospitali ya Eldoret, amefunga dawa kwenye leso kifuani. Yupo kijana Msomali anayefuata mzigo wa sukari wa mjomba wake, muuguzi wa Kisii, fundi wa sola kutoka Kiambu, na askari polisi asiyetaka kusema kwao ni wapi. Lodwar mtashuka, mtagawanyika, na wale wa kaskazini watatafuta Landkruza au lori la kupitia Kaeris na Kaaleng. Mtakaa juu ya magunia ya unga. Mkivuka laga iliyojaa maji mtashuka wote kusukuma, na hapo hakuna kabila linalosamehewa. Mkiingia kwenye korongo la mawe ambamo mji umejibana, tayari una sampuli ya wakazi wake, maana wengi wa hao abiria ndio wakazi wenyewe.

Njiani utamsikia mtu akisema ametoka "Kenya" wiki iliyopita. Usimsahihishe. Usimwonyeshe ramani wala kumkumbusha bendera. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni mwaka 1902, kisha ikaongeza nyingine ya wilaya maalumu mwaka 1934, na chini ya sheria hizo mtu wa nje hakuingia Turkana ila kwa kibali. Aliyezaliwa ndani alijua kwamba nchi ile nyingine ina mlango na mlango una bawabu. Mzee anayesema "Kenya" akimaanisha Kitale anakueleza jinsi alivyotawaliwa, na anakueleza kwa usahihi kuliko vitabu vingi vya shule.

Kibali hicho ndicho kitakachokufumbulia safu ya "wengineo". Mtu wa nje aliyefika Lokitaung enzi hizo alikuwa na sababu iliyoandikwa kwenye karatasi: alikuwa askari, karani, mfungwa, mmishonari au mwenye leseni ya duka. Hakuja kulima, kwa kuwa mvua haitoshi kulima. Hakuja kununua shamba, kwa kuwa ardhi ni malisho ya wote. Alikuja na kazi, na kazi ndiyo iliyompa jina mjini. Kwa hiyo agizo langu ni hili: hesabu kazi kwanza, kabila baadaye. Ukishajua nani anauza unga, nani anapima malaria, nani anafundisha hesabu darasa la saba na nani analinda ghala la serikali, makabila yatajitaja yenyewe bila wewe kuuliza. Na utagundua jambo ambalo asilimia haisemi, yaani safu hiyo ya wengineo huondoka na kurudi kwa barua ya uhamisho. Ukihesabu mwezi wa Desemba, walimu wamekwenda makwao, na mji umepoteza karibu Waluhya wake wote kwa wiki kadhaa. Ukihesabu Februari, wamerudi. Andika mwezi uliohesabu. Usipouandika, tarakimu yako haina tarehe ya kuzaliwa.

Sasa njoo kwenye mstari mkubwa, ule wa Waturkana, ambao ofisini waliuona mwepesi. Huu ndio mgumu kuliko yote, na hapa nakuomba utulie.

Usimwulize mtu yeyote, "Wewe ni kabila gani?" Hilo ni swali la karani na la askari wa kizuizini, na atakujibu unachotaka ili uondoke. Msalimie kwanza. Mama wa makamo mwite toto, baba wa makamo mwite apa, na bibi kizee mwite ata. Kaa chini pale unapooneshwa. Ukipewa kiti kidogo cha mti, ekicholong, jua umeheshimiwa, maana kiti hicho ndicho pia mto wa mwenyewe usiku. Kisha uliza habari za mifugo. Uliza mvua ilinyesha wapi. Uliza alama iliyo kwenye ubavu wa ngamia. Hapo ndipo sensa inapoanza, kwa sababu alama hiyo ni ya emachar, ukoo, na mwenye alama hiyo anaweza kukutajia ndugu zake kutoka ziwani hadi mpaka wa Uganda.

Ukoo ni tabaka moja tu. Kuna mgawanyiko mkubwa wa Ngimonia na Ngichuro. Chini yake kuna makundi ya maeneo, na upande huu wa kaskazini utasikia Ngissiger, Ngikwatela, Ngiyapakuno. Juu ya hayo yote kuna mafungu mawili ya wanaume, Ngimor na Ngirisae, mawe na chui, na hapa karani wa Nairobi huishiwa nguvu: mtoto wa kiume haingii fungu la baba yake. Baba akiwa wa mawe, mwana ni wa chui, na mjukuu anarudi kwenye mawe. Wazee wakikaa katika akiriket kula nyama ya sadaka, baba na mwanawe wa kumzaa wanahesabiwa pande mbili tofauti, na babu na mjukuu wanakaa upande mmoja. Mwanamke naye akishaolewa kwa ng'ombe wa mahari waliokamilika huingia emachar ya mumewe. Kwa hiyo fomu yako inayodhani kwamba mtu ana utambulisho mmoja, kautoa kwa baba na ataufia nao, haitoshi hata kwa boma moja la Lokitaung. Ongeza safu. Zikijaa, geuza karatasi.

Kisha uliza walikotoka. Utasimuliwa habari za Nayece, mwanamke aliyemfuata dume la kijivu lililopotea, akatoka nchi ya Wajie, iliyo Uganda ya leo, akashuka bonde la mto Tarash, na vijana waliomfuata wakakuta nchi nzuri wasirudi. Andika habari hiyo yote. Inakuambia kwamba Waturkana wenyewe, wenye mstari mkubwa kuliko yote kwenye ripoti yako, wanajitambua kuwa ni watu waliohamia. Wajie, Wakaramojong, Wadodoth, Watoposa, Wanyangatom na Wateso ni jamaa zao wa lugha. Mchungaji wa Lokitaung akikutana na Mtoposa wataelewana, hata kama mkutano wenyewe haukuwa wa amani.

Na walipofika hawakukuta ukiwa. Mwanahistoria John Lamphear alikusanya masimulizi ya wazee wa Turkana, na mwaka 1992 akachapisha kitabu kuhusu namna walivyoukabili ukoloni, The Scattering Time. Katika kazi zake anaeleza jinsi Waturkana walivyopanuka kwa kuwameza watu waliowakuta, miongoni mwao Wasiger. Waliomezwa hawakupotea. Waliingia na mifugo yao, na jina lao linasikika hadi leo katika Ngissiger, watu ambao leo hakuna anayewaza kuwatia kwenye mstari wa wengineo. Ndiyo maana naiona tarakimu ile inayokaribia mia kuwa hatari. Inaonyesha jamii ya damu moja iliyoota jangwani peke yake, wakati ukweli ni jamii iliyojua sana kuwapokea watu, kuwapa ukoo, kuwapa alama ya mifugo na kuwaoza. Sijui ufundi mkubwa kuliko huo katika historia ya kaskazini, na ripoti yako inautupa kwa kuweka nukta mahali pabaya.

Swali la nani alitangulia litaletwa kwako, hasa ukionekana na kalamu. Wako watakaolileta kwa ajili ya ardhi, wengine kwa ajili ya ajira za miradi, wengine kwa ajili ya kura. Lijibu kwa kuwapeleka Nariokotome, ng'ambo ya milima kuelekea ziwani. Mwaka 1984 hapo ndipo Kamoya Kimeu alipoona kipande cha fuvu kwenye changarawe, na kikundi cha Richard Leakey na Alan Walker kikafukua mifupa ya kijana wa kiume aliyekufa zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Dunia inamwita Mvulana wa Turkana. Yeye hakuwa Mturkana, na aliyemwona hakuwa Mturkana, alikuwa Mkamba. Kusini kidogo, Lomekwi, watafiti walitangaza mwaka 2015 zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3. Na kule Lothagam kuna makaburi ya wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita, watu wasiopungua 580 waliozikwa pamoja chini ya nguzo za mawe, wazee kwa watoto. Mtu akidai kwamba babu yake ndiye wa kwanza, mwache amalize, kisha mwombe ataje yupi kati ya hao ni babu yake.

Sehemu ya rangi ipitie upesi, kwa sababu haina mengi. Wazungu wa Lokitaung walikuwa maofisa, wanajeshi na mapadri. Mwaka 1918 jeshi la Waingereza lilifanya msako wa Labur katika milima hii kuwavunja Waturkana wa kaskazini waliokuwa wakipigana chini ya kiongozi wao Ebei, na likaondoka na mifugo mingi mno. Watu waliohesabiwa kwanza na serikali katika nchi hii walihesabiwa kwa mtutu. Baadaye Lokitaung ikawa kambi ya King's African Rifles, mpaka ukilindwa dhidi ya Waitaliano wa Uhabeshi, na askari wa jeshi hilo walitoka Uganda, Nyasaland na kila upande wa Afrika Mashariki. Mapadri wa Kiayalandi waliingia Turkana kwa msaada wa njaa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Nariokotome pakajengwa misheni na wamishonari wengi wao Wahispania. Andika walivyofanya kazi. Bomba la maji, zahanati na bwawa havina rangi, lakini vina tarehe, na tarehe ndizo zinazoeleza kwa nini nyumba zilikusanyika mahali fulani na si kwingine.

Kuna idadi moja ya zamani ambayo lazima uitafute, ya gereza.

Aprili 1953, baada ya kesi ya Kapenguria, serikali ilitafuta mahali pa mbali kuliko pote pa kuwaficha watu iliowaita viongozi wa Mau Mau, na ikachagua Lokitaung. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Paul Ngei walitumikia vifungo vyao hapa. Achieng' Oneko alihukumiwa pamoja nao. Hatia yake ikafutwa katika rufaa, lakini serikali ikaendelea kumzuia mahali pengine. Waruhiu Itote, yule Jenerali China, aliletwa baada ya kukamatwa mwaka 1954, na Kenyatta akawa mwalimu wake wa Kiingereza. Kenyatta alionekana mzee mno kwa kazi ya kuvunja mawe, akafanywa mpishi wa wenzake. Weka hayo kwenye jedwali lako. Kwa miaka sita, Lokitaung ilikuwa na Wagikuyu ambao hakuna ripoti ya wakazi iliyowataja, na mmoja wao alikuwa jikoni akikoroga sufuria huku nchi nzima ikibishana kama jina lake litamkwe hadharani. Juni 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung kuhusu hali yao ilichapishwa London katika gazeti la The Observer. Mwezi huohuo Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema hao ndio viongozi wanaoheshimiwa na Waafrika. Hoja hiyo ya taifa ilianzia katika korongo ambalo wabunge wengi wasingeweza kulionyesha kwenye ramani.

Kenyatta alihamishiwa Lodwar mwaka 1959 kuishi chini ya amri ya kutotoka, na mwaka 1961 akapelekwa Maralal, kisha akarudi kwake Gatundu. Miaka miwili baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Barabara ya Lokitaung ilibaki ya vumbi na mawe kwa miongo mingi baada ya uhuru. Hilo linaniuma, na nataka likuume nawe unapojaza ile nafasi, kwa sababu mji huu umetumika mara nyingi kama mahali pa kuweka watu, na mara chache umehesabiwa kama mahali pa watu.

Usirudi Nairobi kabla ya kupita Kakuma, japo ofisi haikukutuma huko. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, wakati vijana wa Sudan waliotembea maelfu ya kilomita walipovuka mpaka, na Wahabeshi wakafuata baada ya utawala wa Mengistu kuanguka. Leo Kakuma na Kalobeyei zina Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Wahabeshi, Wasudan, Waganda, Wanyarwanda na wengine, jumla ya watu wapatao 300,000. Kiswahili cha Bukavu hukutana na Kiswahili cha Lodwar kwenye meza ya kukaangia mandazi, na wenye lugha wanasikilizana kwa kicheko. Awer Mabil, aliyeichezea Australia Kombe la Dunia, alizaliwa Kakuma. Mwanamitindo Halima Aden alizaliwa Kakuma. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki kule Rio ilikuwa na wanariadha watano waliotoka kambi hiyo, na aliyebeba bendera katika ufunguzi alikuwa Rose Nathike Lokonyen, msichana wa Sudan Kusini mwenye jina ambalo mtoto wa Lokitaung angeweza kuitwa bila mtu kugeuka.

Agizo la Kakuma ni kuhesabu kwa jozi. Usiandike wakimbizi safu moja na wenyeji safu nyingine kisha ukapiga mstari katikati. Mwandike mama Mturkana anayeingiza kuni na makaa asubuhi pamoja na mama wa Kidinka anayevinunua. Mwandike mwenye mbuzi pamoja na Msomali mwenye bucha. Mwandike kijana Mturkana anayeteka maji katika hoteli ya Mhabeshi, na uandike ujira wake pia, kwa maana umoja wa jozi hizi hauna usawa. Wenyeji wa Kakuma wameona malori ya chakula yakipita miaka mingi kwenda kwa wageni wakati wao wenyewe wana njaa, na wakimbizi wamekaa miongo mitatu bila ruhusa ya kwenda wanakotaka. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinaahidi kwamba wote watahudumiwa pamoja, shule moja na hospitali moja. Nataka ahadi hiyo itimie. Haitatimia kwa jedwali linalowaweka katika kurasa mbili.

Kuna mahali ambapo agizo langu ni kunyamaza. Ukienda kaskazini zaidi, Todenyang, pale ziwa linapopokea mto Omo, usimwulize mvuvi habari za kabila lake wala la jirani yake. Waturkana na Wadassanech, wanaoitwa Merille upande huu, wameuana juu ya maji, samaki na nyasi kwa muda mrefu, na Mei 2011 waliuawa watu wengi hapo. Wamewahi pia kuuziana, kupeana hifadhi wakati wa ukame na kulea watoto wa upande wa pili. Yote mawili ni kweli katika familia zilezile. Mtu aliyefiwa na kaka yake akiambiwa ataje utambulisho wa jirani, jibu lake litakuwa la kesi. Nunua samaki, keti, ondoka.

Sasa tarakimu zenyewe. Nimezichelewesha makusudi.

Sensa ya Kenya huhesabu watu mahali walipolala usiku mmoja. Mwaka 2019 ulikuwa usiku wa kuamkia Agosti 25. Usiku huo, si Lokitaung nzima iliyolala Lokitaung. Adakar, yaani maboma yanayohama pamoja kwa ajili ya usalama, zilikuwa zimefuata nyasi, na nyasi hazisomi tangazo la serikali. Mwenye mbuzi 80 na ngamia wawili hawezi kuwaacha kilimani ashuke mjini akamngoje karani mwenye kishikwambi. Kwa hiyo mfuate. Nenda kwenye visima alfajiri, kwa maana mifugo lazima inywe na mwenye mifugo atakuwepo. Chukua karani aliyezaliwa katika adakar, anayejua kwamba mama mwenye watoto saba hatakutajia saba mpaka akuamini, kwa kuwa kuhesabu watoto kwa sauti si adabu. Mpe maji ya kutosha na siku za kutosha.

Haya si mambo ya kupendeza ripoti tu. Sensa ya 1999 iliipa wilaya ya Turkana watu 450,860. Ile ya 2009 ikapata 855,399. Agosti 2010 waziri Wycliffe Oparanya alitangaza kwamba matokeo ya wilaya nane yamefutwa, na kati ya hizo nane, tatu zilikuwa Turkana ya Kati, Turkana Kaskazini na Turkana Kusini. Zilizobaki zilikuwa za Mandera, Wajir na Lagdera. Serikali ilisema ongezeko hilo haliaminiki, kwamba uzazi na vifo haviwezi kuleta idadi ya namna hiyo. Inawezekana palikuwa na makosa ya kweli katika hesabu ya 2009. Lakini ni nani aliyeithibitisha ile ya 1999, ambayo iliwaacha malishoni watu ambao hakuna aliyewafuata? Ukianzia kwenye idadi pungufu, kila hesabu nzuri itakayofuata itaonekana ya uongo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitengua uamuzi wa waziri. Mwaka huohuo nchi ilikuwa inapanga namna ya kugawa fedha kwa kaunti mpya, na katika kanuni ya kwanza ya ugavi asilimia 45 ya mgao ilitegemea idadi ya watu. Kila mchungaji aliyeachwa kwenye kilima alikuwa na fungu lake la dawa na la dawati, na fungu hilo lingekwenda kaunti nyingine iliyohesabika vizuri zaidi.

Sensa ya 2019 ilipata watu 926,976 katika kaunti ya Turkana. Katika jedwali la makabila la sensa hiyohiyo, Waturkana nchini Kenya ni 1,016,174. Ziweke tarakimu hizo mbili kando kwa kando, uzitazame. Ndani ya kaunti wamo watu wa makabila mengine, na bado idadi ya Waturkana inazidi idadi ya wakazi wote wa kaunti. Maana yake ni kwamba Waturkana wengi wanaishi nje: Kitale, Isiolo, Maralal, Nakuru, kwenye mashamba ya Laikipia, kwenye vibanda vya pembeni mwa miji. Huko ndiko wanakoandikwa kwenye safu ya wengineo. Mama wa Lokitaung anayefua nguo mtaani Kitale ni nukta ndogo baada ya majina ya wenye mji, kama vile muuguzi wa Kisii alivyo nukta ndogo Lokitaung. Nakuomba uwaandike wote wawili katika aya moja, maana huenda walipishana barabarani Kainuk, gari moja likipanda na jingine likishuka.

Basi aya yako ikae hivi. Taja Waturkana, na mara moja baada ya hapo taja sehemu zao, ukoo na historia ya waliopokelewa. Taja walimu, wauguzi, polisi na wafanyabiashara kwa kazi zao, na muda waliokaa. Msomali aliyezaliwa mjini humo na kuzaa humo usimwite mgeni, ana wajukuu waliosoma na wajukuu wa chifu. Taja wafungwa wa 1953 hadi 1959. Taja jirani wa Kakuma na jirani wa ng'ambo ya mpaka. Taja waliokuwa malishoni siku uliyofika, na jinsi ulivyowafuata, au kiri kwamba hukuwafuata. Tumia asilimia mwishoni ikibidi, na mwezi uliohesabu uandikwe kando yake. Aya itazidi nafasi uliyopewa. Mwambie bosi aongeze nafasi.

Kabla hujaituma, ipeleke barazani. Mwombe chifu aisome kwa Kiturkana, chini ya mti, wazee wakiwa na viti vyao na akina mama wakiwa wamekaa upande wao, vijana wa boda boda wakiwa wamezima pikipiki. Watakukatiza. Mzee mmoja atasema umekosea mpaka wa Ngikwatela, na mama mmoja atauliza kwa nini wakunga hawamo. Sahihisha hapohapo, kwa kalamu, mbele yao. Kisha uulize ni vijana gani wa adakar waliomaliza kidato cha nne na wanajua visima vyote, uandike majina yao na uyapeleke Shirika la Kitaifa la Takwimu, kwa sababu sensa nyingine inatarajiwa 2029, na makarani wa kwenda vilimani wanatakiwa kuanza kufundishwa mapema.